Vidole Vyangu na vya Mama Yako

Kwako uliyekuwa mume wangu,

Dada yako alifika hapa Makunduchi juzi na ujumbe wako: kwamba tangu Mama yako afariki nyumba ya Kikwajuni imepoa, na kama niko radhi, tufunge ndoa upya. Nilimwomba asubiri jibu. Nimeliandika kwa siku mbili, maana vidole vikikataa naiweka kalamu chini. Bahasha sikuifunga. Atakayetaka kusoma na asome.

Unakumbuka mwaka ule wa mwanzo, baada ya Mapinduzi? Ulikuwa ukirudi kazini unakaa na mimi uani, unanialisha vidole kimoja kimoja, na kila kikilia unacheka. Ulininunulia doti ya kanga madukani Mlandege ukataka niivae siku ile ile, hata haijapindwa. Nilikupenda, sikufichi.

Kisha yakanitoka magamba viwikoni na kichwani, meupe, yanapukutika. Baadaye kidole cha pili cha mkono wa kulia kikavimba chote, kikanona kama muhogo. Kisigino cha kushoto kikawa hakikanyagi, na kucha zikaingia vitobo kama subana ya fundi cherehani.

Mama yako naye alikuwa mgonjwa wa viungo, tena kabla yangu. Kila jioni ulimsugua mikono kwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu, huku machozi yanakulengalenga. Nilikutazama nikajisemea nimepata mume mwenye huruma. Mjinga mimi! Asubuhi ulikuwa ukilitoa shuka letu uani, unalikung'uta kwa vishindo mpaka majirani wachungulie, kisha unatema mate.

Daktari alituona pamoja, mimi na Mama, na wewe ulikuwepo. Alituambia tuweke mikono mezani. Akasema ugonjwa wa Mama ni baridi yabisi, umeshika mikono yote miwili sawasawa, fundo kwa fundo. Wangu ni ndugu yake, ila umefungamana na ngozi, nao hushika kidole hapa na kisigino kule, upande mmoja zaidi ya mwingine. Maumivu tulikuwa nayo sote, na asubuhi sote tuliamka viungo vimekaza. Ukamwuliza, "Na huu wa mke wangu, unaambukiza?" Kuhusu wa Mama hukuuliza. Akakujibu hakuna unaoambukiza kati ya magonjwa yote mawili, wala wangu si ukoma. Ukaitikia "Naam, daktari," kwa adabu zote. Lakini akufukuzaye hakwambii toka. Tulipofika nyumbani ulinitengea kikombe changu peke yangu.

Na Ramadhani ile ya foleni za unga? Nilisimama tangu alfajiri kwa kisigino hiki mpaka nikapata unga, nikakanda chapati za kufuturu. Wewe ukalisukuma sinia.

"Nshasema, chapati alizokanda huyu mimi sili. Nnaona kichefuchefu."

Mama akamega kipande kwa vidole vyake vilivyopinda, akala. "Na hivi vyangu ndo vizuri vya kutazamwa? Mbona huvioni kinyaa?"

"Vyako maradhi, Mama. Vyake uchafu."

Uchafu! Mimi niliyekuwa nikioga mara tatu kwa siku, najisugua mpaka damu inatoka, ili wewe ulale na roho safi. Wiki ile ile ukanipa talaka, na mimi nikafunga mizigo yangu nikarudi kwetu huku shamba.

Mama alipofariki aliacha wasia kwamba mimi niwe miongoni mwa watakaomwosha. Nikaja. Wanawake walikuwa wameshateka maji, wewe ukasimama nje ya mlango unapiga kelele: "Mwambieni afunge kitambaa mikono yote miwili! Asimguse mamangu hivi hivi!" Kitambaa nilikifunga panapostahili, kwenye sehemu za siri, kama afanyavyo kila muosha. Kwengine kote nilimwosha kwa mkono mtupu. Vidole vyake havikunyooka hata kwa maji ya vuguvugu, nikaviacha vilivyo, kwa sababu najua vinavyouma vikilazimishwa. Tulipomkafini, nikampaka kafuri kwenye paji la uso kwa kidole hiki hiki kilichokuwa kikikutapisha, nawe mlangoni unaniona.

Kisha ukaitwa kumuaga. Uliinama ukambusu pale pale pajini, mara mbili, ukainuka unalia, unajilamba midomo. Nilikuwa nimesimama pembeni na ndoo mkononi. Hukutema mate, hukuomba maji, na hapo nikaelewa kwamba ulimsikia daktari vizuri sana, tangu siku ile. Ulijua kuwa siambukizi. Ulijua, na shuka ulilikung'uta, na kikombe ulinitengea, na mbele ya mama yako ukaniita uchafu.

Nikatoka uani nikatapika, na wanawake wakadhani ni msiba.

Mungu akupe subira kwa Mama. Mimi usiningoje. Siwezi kulala na mtu ninayemwonea kinyaa.

Aliyekuwa mkeo