Kipimo cha Alice cha Desemba

Richfield, Minnesota
6 Oktoba 2019

Mpendwa shemeji Harrison,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako na kwangu. Ol Kalou mvua inaendeleaje? Mkeo Wambui hajambo, mgongo wake ulitulia baada ya kuvuna viazi? Na wewe, ile sukari bado unaipima, au yeye akigeuka unarudia chai ya vijiko vinne? Huku baridi imeshabisha hodi na Natasha amefungua shule. Ningependa kuandika kwamba sote tu wazima, lakini ningekuwa naongeza uongo juu ya uongo.

Utashangaa kuona karatasi badala ya WhatsApp. Sababu nitakueleza.

Alice anaumwa. Mwezi wa nane alihisi uvimbe kwenye titi la kushoto akiwa kazini, akitandika vitanda kule hotelini Bloomington. Ni ugonjwa ule ule uliomchukua mama yenu, na umeshafika kwapani. Ameanza matibabu ya dripu katika hospitali moja ya Saint Paul. Nywele zimenyonyoka, chakula hakikai. Juzi aliniomba ndizi, nikamenya, akainusa tu akanirudishia. Nimechanganyikiwa, Harrison. Nikipiga magoti kusali maneno hayaji.

Hayo angeweza kukuandikia mwenyewe. Yanayofuata hayajui.

Unakumbuka kwamba tangu mama yenu afariki Alice hakukosa kipimo cha matiti, kila Desemba. Huku kuna sheria ya bima inayosema vipimo vya kutafuta ugonjwa kabla haujajionyesha havilipiwi na mgonjwa. Sheria hiyo ina maadui, na haupiti muda kabla mtu hajaipeleka kortini. Desemba iliyopita jaji mmoja wa Texas aliamua kwamba yote ni batili. Ilikuwa Ijumaa. Kipimo cha Alice kilikuwa Alhamisi iliyofuata.

Unanijua mimi na habari. Kanisani wananiita Waziri. Unakumbuka Septemba ile ya 2017, mimi na wewe kwenye simu, majaji wetu wakifuta uchaguzi wa rais? Walisema umefutwa, ukafutika, nchi ikarudi kupiga kura. Basi mimi nikajua korti ikisema imekwisha, imekwisha. Nilisahau kwamba wale walikuwa Mahakama ya Juu, na huyu ni jaji wa korti ya chini ambaye uamuzi wake ungekatiwa rufaa na mambo yakaendelea kama kawaida. Nilichoona mbele yangu ni bili ya hospitali, na bili za huku zimewatoa watu kwenye nyumba zao.

Nyumbani kwetu simu zote za kwenda ofisini hupigwa na mimi. Jumatatu nikapiga, nikataja tarehe ya kuzaliwa ya Alice, nikafuta miadi yake. Yule dada wa mapokezi aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Alisema kipimo bado ni bure, hakuna kilichobadilika. Mimi nikaanza kumfundisha sheria.

Nilijua Alice angekataa, kwa hiyo nikamwambia hospitali imesogeza tarehe. Machi akauliza, nikasema bado hawajapiga. Nilikuwa nangoja kesi iishe kwanza. Shemeji, mpaka leo kesi haijaisha, na kipimo bado ni bure. Kilikuwa bure Desemba, na Machi pia kilikuwa bure.

Nilimuuliza daktari kama miezi ile minane ingeleta tofauti. Hakutaka kujibu. Nikambana, akasema huenda uvimbe ungekutwa kabla haujahama titi. Hilo neno huenda naamka nalo na kushinda nalo. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, lakini kichwa kilichoponzwa si changu.

Sasa maji yamenifika shingoni. Alice anaamini ni hospitali iliyomfutia. Jumapili iliyopita alikuja Nahashon, mzee wetu wa kanisa, akasema, "Baba Natasha, hawa watu lazima tuwa-report. Kuna mtu ali-cancel hiyo appointment, na jina lake lazima litoke."

Alice akasema, "Hata kama nitakufa, nataka nijue ni nani."

Mimi nilikuwa namimina chai. Nikaendelea kumimina. Malalamiko wameshaandika, yanapelekwa mwisho wa mwezi huu, na yule dada aliyeniuliza mara mbili anaweza kufukuzwa kazi kwa ajili yangu.

Siku ya mahari, kwa kuwa baba yenu hakuwapo tena, wewe ndiye uliyenikabidhi Alice. Uliniuliza jambo moja tu, kama nitamtunza. Nilijibu haraka, kama ninavyojibu kila kitu.

Kila asubuhi najaribu kumwambia, nashindwa. Naona aibu na naogopa. Ndiyo maana nimechukua karatasi. Ujumbe wa simu ningeufuta kabla hujausoma. Barua nikishaitia posta siwezi kuikimbiza, na huchukua kama wiki mbili kufika kwako. Siku utakayoipokea, mpigie Alice umuulize kama nimemwambia. Ukikuta sijamwambia, mwambie wewe. Nakuomba kwa jina la Mungu, usinionee huruma.

Na Wambui aende kupimwa, pamoja na dada yenu mdogo, hata kama huko lazima walipe. Usiwaache wangoje chochote.

Nisalimie Brandon, na umwambie shangazi yake anamkumbuka. Mungu awafunike nyote, na Alice amrudishie miaka niliyomchezea.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda na leo nakuogopa,
Naftali

Nilipokuwa nakunja karatasi Alice amepita hapa mezani, akauliza namwandikia nani. Nikamwambia ni wewe. Anakusalimu sana. Anasema usiwe na wasiwasi, mume wake anamtunza.