Kakuma Ni Hapo Tu

Ekai mjukuu wangu, ejok? Huku Lorugum mbuzi ni wazima, na babu yako bado anapendwa na wasichana, ingawa wanaficha. Lakini dada yako Akiru tumbo la mimba limeshuka.

Unauliza kwa nini namsukuma aende Lodwar saa hii, akae kwa shangazi yako karibu na hospitali, na uchungu haujaanza. Sikia. Ujana wangu nilishinda ngamia kwa kutembea. Mimba ya kwanza ya nyanya yako ilipokomaa, mama yangu akasema tuondoke mapema, twende hospitali ya Kakuma. Nikamcheka: "Kakuma ni hapo tu!" Tukangoja uchungu.

Ulipoanza, tukashika njia kwa miguu. Njiani nyanya yako akaniuliza, "Hapo tu ni wapi, wewe mwanaume?" Ndege ikapita juu yetu. Baadaye tukaambiwa ilibeba mzungu aliyevunjika mkono kule Lokichoggio. Huyo alifika Nairobi kabla chai yake haijapoa. Sisi tulifika Kakuma kesho yake. Nyanya yako akapona. Mtoto, hapana.

Sasa Akiru anasema Lodwar ni karibu, atangoja. Huo mdomo ni wangu kabisa. Mpigie simu leo, wewe anakusikia. Mwambie babu mwenyewe, yule wa miguu, amesema Lodwar ni mbali.