Prefe Chini ya Meza Yangu

Katoyi, Alhamisi

Prefe wetu, mukubwa wa shule na muzee wa akili nyingi, ameingia leo katika somo langu la hesabu. Nilikuwa naeleza juu ya yule mama Mweusi wa Amerika aliyepiga kwa mukono hesabu za njia ya roketi, hata mwanaanga akataka yeye azihakikishe kabla ya kuruka.

"Madame, mwanamuke na roketi wapi na wapi? Hawa ni wakimbizi. Uwafundishe vitu vya kuwasaidia."

Nikamushukuru kwa hekima yake.

Ndipo bombu ikaanguka kilimani, na Prefe, pamoja na cheo chake chote, akaingia chini ya meza yangu. Furaha, binti aliyekimbia vita Kiwanja, alibaki dirishani akihesabu sekunde tangu moshi kutokea mpaka mulio kufika.

"Kumi na mbili, Madame. Mara metre mia tatu na makumi ine za sauti kwa sekunde. Ni kilometa ine na kidogo."

Ikaanguka ya pili.

"Mama, inakaribia?" Prefe akamuuliza Furaha, kwa adabu ambayo mimi sijawahi kuipata.

"Bado nahesabu, papa."

Ningependa kuandika kwamba nilicheka. Lakini mimi pia nilikuwa nangoja jibu la mutoto.

"Kumi na mbili tena."

Darasa lote likapumua. Prefe alibaki chini, nadhani akitayarisha mashauri mengine.