Sayansi ya Majani Mawili na Chipukizi

Baba Fancy,

Uji iko kwa thermos. Ng'ombe bado hajapewa maji. Mimi nimeenda Merigi kutafuta mbegu ya maharagwe, na sababu uulize wanafunzi wako.

Ratiba ya leo nimebadilisha. Hakuna Sayansi! Tulipoamua kufundishia watoto hapa nyumbani, ulisema utasaidia. Jana nikakuomba uwafundishe mimea kidogo tu. Ukawapeleka kwa majani chai, ukawaambia kuchuma ni majani mawili na chipukizi, ukaenda zako. Hukusema ni chai peke yake.

Sasa leo asubuhi nikikamua, wote watatu wamevuka ua na kikapu, wakachuma maharagwe ya watu, majani mawili na chipukizi, mistari yote. Fancy ndiye msimamizi. Kipkurui amejifanya karani wa kupima chai, anakataa ya mdogo wake eti imekomaa.

Wafanye Hesabu mpaka nirudi ~~na wasionje mandazi~~. Aki wape tu mandazi. Wamechuma safi kabisa, hata kiwandani hawangerudishiwa. Hiyo ndiyo inaniuma.

Lakini mwalimu wa Sayansi nimemsimamisha. Asikanyage darasa langu bila kuja na mzazi wake. Na usiniambie mzazi yuko mbali. Maharagwe ni yake, na tangu asubuhi amesimama hapo kwa ua na fimbo, anauliza ni mwalimu gani alifundisha watoto hiyo maneno.

Nimemwambia.

Mama Fancy,
Mwalimu Mkuu