Vidonge Vitatu vya Watu wa Mlimani

Jumatatu, 3 Machi

Baba mkwe ana doa jeusi mkononi, kubwa kama kiganja. Eti kajigonga mlangoni. Mlango gani huo! Nimechungulia kopo la dawa yake ya kuzuia damu kuganda — anameza vitatu kwa siku! Daktari alimwandikia kimoja. Nilipomuuliza akacheka: mdogo wake anameza vitatu na hana neno, baba mmoja, mama mmoja, kwa nini yeye apewe cha kitoto? "Sisi wa mlimani damu yetu nzito, mkwe. Kimoja ni cha nyie wa bondeni."

Hasira mpaka sasa.

Jumatano, 5 Machi

Fizi zinatoka damu. Nimemkokota kliniki, kalalamika njia nzima. Daktari: aache dawa siku mbili, kisha kimoja tu. Nikachukua na mate yake, nikayapeleka maabara ninakofanya kazi, tunakochunguza jeni za wa mlimani na wa bondeni. Nikaweka na yangu, ya kulinganisha. Bosi kasema lile lile la kila siku: tofauti za wa mlimani wenyewe kwa wenyewe ni nyingi kuliko tofauti kati ya mlima na bonde. Najua! Aje aliseme mezani kwetu, mbele ya Baba.

Ijumaa, 7 Machi

Kaanza tena vitatu, nina hakika. Usingizi hauji.

Jumatatu, 10 Machi

Majibu. Mwili wake unaiondoa dawa hii taratibu mno, ndiyo maana vitatu vinamzidi. Na wangu vilevile — jeni ile ile, yeye na mimi! Mume wangu kashika kichwa: usimwambie, atakufa kwa aibu kabla ya damu. Tukacheka. Kisha nikaogopa.

Jumanne, 11 Machi

Mto wake umelowa damu ya pua. Daktari kwenye simu: mleteni sasa hivi. Hataki! Anataka vidonge vyake. Kopo limo mkobani mwangu, nimejifungia chumbani. Anapekua makabati. Kampigia mdogo wake amletee vyake — yuko njiani. Nasikia mume wangu kashindwa, anamwambia yote. Majibu, mimi, kila kitu.

Nyayo. Anagonga, polepole.

"Mkwe."

"Ndiyo, Baba."

"Basi kwenu huwa mnameza vingapi?"

Nimwambie nini? Shangazi yangu, wa bondeni haswa, anameza vitatu na nusu vya dawa hii hii. Kengele ya nje inalia, na yeye bado kasimama hapo, anangoja namba.