Mvinyo wa Mbavu, Mvinyo wa Steki

Zulema! Kaka yangu Nazareno kajitia kitanzini kwa ulimi wake leo hapa Mendoza, mji wa mvinyo, mbele ya macho yangu!

Unajua alivyomdanganya Jimena, mchumba wake, kwamba ni mjuzi wa mvinyo. Basi baba mkwe kaacha kugeuza nyama ya kuchoma, kamwekea chupa mbili za mvinyo mwekundu: "Haya mwanangu, ipi ya mbavu za mafuta, ipi ya steki laini?"

IPI YA MBAVU, Zulema! Jasho likamtoka. Akabahatisha: mvinyo mzito kwa mbavu, mwepesi kwa steki.

Mzee akatafuna, akaonja. Mara akamkumbatia: "Nimepata mkwe! Mvinyo wa harusi utachagua wewe!"

Nazareno kajifungia chooni, ananiandikia: "Dada, nikiri?"

Nimjibu nini? Mama yake Jimena ameshaniuliza Nazareno alisomea wapi mvinyo. Nikajikuta nikisema: "Ufaransa."