Soda Niliyokunywa Mbele ya Wakwe

Jumapili, Kansanga, hapa Kampala. Mvua imekatika, baridi imebaki, na mimi hasira zimenipasha joto.

Leo wakwe walikuja kujitambulisha. Nina kisukari aina ya kwanza tangu shule ya msingi. Espoir, mchumba wangu, anajua. Watu wake hawakujua. Mama alisema tunyamaze mpaka mahari ipokelewe, kwani nani atatoa ng'ombe kwa binti wa sindano?

Mchana wakapiga simu kwamba wameshafika Kansanga. Mama akanisukuma chumbani.

"Piga sindano yako mbele bafike. Basikuone."

Kabla hawajaingia nikajidunga insulini ya chakula, ile ambayo ukishaidunga unatakiwa ule mara moja. Laiti ningefikiri! Mtu wa Kampala akisema amefika, bado anatafuta viatu.

Nikamega ndizi jikoni, nikidhani itanisogeza. Walipotokea, baada ya saa nzima, zikaanza salamu, kisha mchungaji wao akaomba kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo. Na kwetu binti anayeposwa huwanawisha wageni wote mikono, halafu yeye hula mwisho, jikoni.

Nilipofika kwa shangazi yake Espoir, mikono ilikuwa inatetemeka na jasho linanitiririka. Maji yakamwagikia kitenge chake badala ya beseni. Nikasikia mtu akinong'ona kwamba nimelewa.

Nilitaka kukimbilia jikoni. Miguu ikakataa.

Basi nikachukua soda ya shangazi, pale pale mbele yake, nikainywa yote.

Mama alijifunika uso. Nikangoja akili irudi, nikawaambia: nina kisukari, sukari imeshuka, bila soda hii ningeanguka hapa. Espoir, ambaye kwa desturi hakutakiwa kusema neno leo, alifungua chupa ya pili akanipa. Nampenda mtu huyu.

"Mulikuwa munatuficha?" shangazi akauliza. "Na kuzala, utazala?"

"Daktari anasema inawezekana, shangazi, nikijitunza. Na kujitunza najua."

Walikula, wakaaga kwa heshima, wakasema wataenda kuzungumza. Mahari haikutajwa. Mama anasugua sufuria ambazo tayari zinang'aa. Namwonea huruma, maana anaogopa kwa sababu ananipenda. Lakini woga huo nusura unizike leo, tena nikiwa nimevaa kitenge kipya.

Na mimi naogopa. Nikimkosa Espoir nitaumia vibaya sana.

Ila chumbani sijifichi tena.

Kuanzia sasa sindano yangu nitaipiga pale chakula kilipo, kwetu au kwa watu, na mwenye kutazama atazame. Nimeishi na ugonjwa huu miaka yote hii bila kumwomba mtu ruhusa ya kupumua, sitaanza kwa wakwe.

Wakirudi, nitawanawisha tena, nikiwa nimeshakula. Wasiporudi, nitalia. Halafu nitapima sukari na kupakua chakula changu.